Tumbo la Mfaume na Daktari wa Kompyuta

Hapa Kibiti, ubavuni mwa kibanda changu cha kushona viatu, pana benchi nililolipigilia misumari mwenyewe, na wengine wakalifanya la kwao. Mussa ndiye anayetuuzia kahawa. Sheria ya benchi ni moja: asiye na kikombe mkononi hana neno. Tuliiweka kwa sababu ya abiria wa mabasi ya kusini, waliokuwa wakishuka kunyoosha miguu, wanatutolea hukumu, kisha wanapanda na kwenda zao. Haya ni ya mwaka daraja la Rufiji lilipokuwa linajengwa, na kila kitu kipya kilichoingia wilayani sisi tulikichambua kabla hakijashushwa kwenye gari.

Asubuhi ile kitu kipya kilikuwa tumbo la Mfaume, mkata mikoko wa Kiongoroni, huko delta ya Rufiji. Tangu masika alikuwa ametapika damu mara mbili. Dokta Deusdedit wa hospitalini alimwambia asubiri gari hapa benchini, aende akamezeshwe mpira mwembamba wenye taa na kamera, tumbo lionekane lilivyo kwa ndani. Yeye ndiye angekuwa mgonjwa wa kwanza kuumeza hapa. Dokta alisomea matumbo mwaka mzima kwa kompyuta, akiletewa masomo na mabingwa walioko nchi za mbali, halafu akaenda Dar kuzoeza mkono. Siku hiyo bingwa mmoja wa Dar alikuwa amekuja kumsimamia, jioni anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mfaume aliambiwa asitie kitu chochote mdomoni tangu usiku wa jana yake. Kwa hiyo hakuwa na kikombe, na kwa kuwa hakuwa na kikombe alikaa kimya katikati yetu huku tumbo lake likijadiliwa.

Aliyeanza ni Sadallah, muuza mitumba, tunayemwita Soko Huria.

— Mie nauliza kitu kimoja tu. Hizo picha alizosomea Dokta ni matumbo ya nani?

— Ya watu, akasema Mwalimu Fabiani. Huyu ni mtu wa bara, anafundisha shule ya msingi, nasi tunamwita Silabasi.

— Watu gani, Mwalimu? Wale wanakula viazi na maziwa. Huyu bwana amekulia muhogo na kambamiti, na maji ya mto juu yake. Ukimfundisha mtu gari dogo, ukampa lori, si atalitia mtaroni?

— Tumbo ni tumbo, Sadallah. Hata kwenye chati ya darasa la sita liko vilevile.

— Chati yako ina tumbo jekundu na utumbo wa kijani. Umeshawahi kuona utumbo wa kijani?

Silabasi alinywa kwanza. Anapobanwa hunywa, nami namjua.

— Mimi wasiwasi wangu si picha, akasema. Ni mtihani. Mtu anafanya mtihani chumbani kwake, yuko na kompyuta tu. Msimamizi nani? Mie darasani kwangu natembea katikati ya madawati na bado wanatazamiana.

— Kompyuta yenyewe inamwona, akadakia Zaidi.

Zaidi ni fundi redio. Jina lake hapa ni Setilaiti, kwa sababu ndiye aliyemshikia ngazi fundi wa Dar alipokuja kufunga lile sahani kubwa juu ya paa la hospitali. Tangu siku ile haambiliki.

— Inamwona kwa jicho gani? akauliza Silabasi.

— Mshikaji, lile sahani halipokei tu, linapeleka pia. Ndiyo maana mie nina wasiwasi na huo mpira. Ukishaingia kwa Mfaume, picha inapanda juu, inakwenda kwa walimu wake, inarudi. Sasa hapo katikati, nani anaizuia isishuke kwenye sahani la mtu mwingine?

Tuligeuka wote kuangalia banda la video ng'ambo ya barabara, ambako Jumamosi kungeonyeshwa mpira wa miguu.

— Unataka kusema, nikauliza mie, Jumamosi tutakaa pale tunangojea goli, halafu litokee tumbo la Mfaume?

— Sijasema litatokea. Nimesema nani anazuia.

— Basi kama ni hivyo alipwe, akasema Soko Huria. Soko ni huria. Minyoo ya delta ikionekana huko nje, wataitaka. Watu wanauza kaa, wanauza magogo, tumbo ndiyo liwe bure?

— Tena hii ya kumeza mpira ni ya muda tu, akasema Setilaiti, sasa ameshapamba moto. Mbele ya safari mgonjwa atameza kamera nzima, ndogo kama kidonge. Itatembea yenyewe, inapiga picha njia nzima mpaka itokee.

Hapo tulicheka mpaka Mussa akaweka birika chini. Kidonge kinachopiga picha. Silabasi alijifuta macho, akasema kama kuna mtu wa kupimwa leo ni Setilaiti, na apimwe kichwa.

Mfaume hakucheka. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja, na midomo inamcheza. Nilimwonea huruma, nasema kweli.

— Huyu ana neno, nikasema.

— Hana kikombe, akasema Soko Huria.

— Tumbo ni lake.

— Na sheria ni ya wote. Tukianza kuruhusu wagonjwa, kesho benchi zima litaugua.

Tulibishana hapo pia. Aliyepata ufumbuzi ni Silabasi, kama kawaida ya walimu.

— Apewe kikombe akishike tu. Asinywe. Sheria inasema kushika.

Wote tuliona ni busara. Mussa akamimina, maana kikombe kitupu hapa hakihesabiwi, akampa. Mfaume akakipokea kwa heshima na akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekaa na swali lake muda mrefu.

— Mie picha hazinitishi. Hata nikionwa Jumamosi, nionwe. Nilivyotapika mara ya pili nilikuwa peke yangu mikokoni, nikajua nafia pale. Kwa hiyo nitaumeza. Ila nataka kujua jambo moja. Walimu wake wako huko mbali. Yeye yuko hapa. Mpira uko ndani yangu. Akikutana na kitu ambacho hakikuwamo katika masomo yao, atajua kwamba hakijui?

Setilaiti aliangalia juu. Nilirudia swali lile kichwani nikaona sisi tulikuwa tumecheza tu tangu asubuhi. Tulipiga kila mmoja funda moja, kama tunavyofanya hapa neno likiwa zito, na Mfaume akapiga nasi. Mara mbili.

Gari la hospitali likasimama. Akashuka Sista Elinipendo, muuguzi mgeni, hana hata mwezi hapa Kibiti.

— Baba Mfaume, uko tayari? Hujatia kitu mdomoni?

Mfaume akatazama kikombe. Kilikuwa kimefika nusu.

— Nilikuwa nakishika, Sista.

Sista alikichukua, akakiinamisha kidogo, akayaona machicha chini. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha.

— Damu ikikaa tumboni inageuka nyeusi, ina punjepunje, kama hivi. Dokta amekesha na picha zake kwenye kompyuta mwaka mzima, na damu hiyo ndiyo anayokwenda kuitafuta leo. Sasa niambieni nyinyi. Akiingiza mpira akakuta weusi, atajuaje kama ni damu ya huyu baba au ni kahawa yenu?

Silabasi akanywa. Vikombe tulikuwa navyo wote.

— Panda, baba, akasema Sista. Tukamwombe bingwa achelewe kuondoka, mpaka kahawa ishuke tumboni. Huenda akakubali.

Mfaume akapanda. Dirishani alitugeukia, akanyoosha mkono kuomba kikombe chake kwa Sista, si kunywa, kukishika tu, kwa sababu alikuwa bado na swali.