Tobia Shekalaghe, Aliyeonja Kwanza

Marehemu Tobia Hezekia Shekalaghe alizaliwa Bungu, wilaya ya Korogwe, tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa Mzee Hezekia na Mama Efrazia. Alimaliza darasa la saba hapo hapo Bungu mwaka 1983. Mwaka 1994 alifunga ndoa na Beatha, binti wa Mzee Kristian, wakahamia Zirai kulima iliki.

Mwaka 2008 aliajiriwa na kampuni ya wageni inayokausha viungo. Kazi aliipenda, wenye kampuni hakuwaamini. Meneja hakutaka shikamoo, na saa ya chakula alishika sahani yake akapanga foleni nyuma ya wafagizi. Marehemu alimwambia mkewe, "Bosi mzima anapanga foleni! Huyu ana lake jambo."

Chakula kilikuwa cha bure. Minong'ono ikaenea kwamba kimetiwa dawa ya kufunga uzazi, watu wakawa wanakuja na mihogo ya kuchemsha mifukoni. Mwishowe wakamgeukia marehemu.

"Baba Anord, onja wewe," alisema Mama Yusra, mfanyakazi mwenzake. "Watoto watano unao. Wakikufunga, hujapungukiwa."

"Na mke wangu mmemuuliza?"

Akala, wenzake wakimtazama. Wakaendelea kumtazama mwaka mzima. Agosti 2010 alizaliwa Secilia, na wiki hiyo sufuria za kampuni zikakombwa hadi ukoko. Yeye mwenyewe hakuacha kunusa kila kijiko.

Januari 2025 alianza kuumwa tumbo. Kampuni ilileta gari la kumpeleka hospitali Tanga. Alikataa kupanda mpaka Beatha alipotangulia kukaa. Madaktari walikuta saratani ya ini, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni.

Wapo wanaosema ni kile chakula. Familia imesikia, na sisi wenyewe tumewaza hivyo. Lakini daktari hakusema hivyo, na waliokula naye wamesimama hapa wazima. Kampuni ilipotuma watu kusema italeta wali wa msiba, Beatha alitaka kukataa. Secilia akamwambia, "Mama, nipakuliwe mimi kwanza. Baba alikuwa anaanza yeye."

Kwa hiyo baada ya mazishi, tunaomba mtu asitangulie kwenye sufuria kabla ya Secilia. Asiyetaka kula asilazimishwe.

Marehemu ameacha mjane, Beatha. Watoto sita, wa kwanza Anord na wa mwisho Secilia. Wajukuu wanne, na ndugu zake wa Bungu.

Mungu ampe pumziko lisilo na shaka.