Vitu Alivyoniletea Elbio

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, na wewe Nelson uache kusimama dirishani, najua uko hapo kwa sababu umenizibia ule mwanga mdogo ambao macho yangu bado yanautambua. Mirta, niinulie mto. Hapo hapo, inatosha. Daktari aliwaambia kule ukumbini kwamba moyo wangu umechoka na kwamba mwenye neno na mimi aliseme mapema. Alinong'ona, nanyi mkadhani sikusikia, lakini kilichokufa ni macho, masikio yangu yako salama. Basi neno lipo, ila ni langu mimi, nanyi mtaninyamazia mpaka nilimalize, maana mkinikatiza sina pumzi ya kuanzia upya.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa. Sheria imekwisha kuisemea, sina la kuongeza, ila atakayetaka kuuza amwambie mwenzake uso kwa uso, asimtumie wakili. Ninyi ni watoto wa tumbo moja, msije mkaanza kuandikiana barua katika mji mmoja huu wa Montevideo kama watu wa ubalozi.

Ninalotaka kusema linahusu vitu vilivyomo ndani ya kabati hili. Juzi mlimleta mtu, nikamsikia akifungua milango na kuvigongagonga kwa ukucha kimoja kimoja, halafu akasema, "Hapa hamna mali, bwana. Ni chuma chakavu tu. Nitabeba vyote kwa mkupuo, niwapunguzie kazi ya kutupa." Na wewe Nelson ukacheka, ukamjibu, "Beba tu, ndugu yangu. Kuna jamaa alikuwa anamjazia mama takataka." Nilijifanya nimelala. Sikuwa nimelala. Nililala kifudifudi nikauma foronya, mimi mwanamke wa umri huu, kama msichana aliyenyimwa ruhusa ya kwenda dansi.

Jamaa! Alikuwa na jina. Aliitwa Elbio, na baba yenu Aníbal alimzaa na mwanamke wa Paysandú kabla hajanioa mimi, akaniambia kabla ya harusi, kwa hiyo katika jambo hili hakuna aliyenidanganya. Ninyi ndio hamkuambiwa, mkaja kumjua siku ya msiba wa baba yenu. Alikuja amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia juu ya kifundo, akasimama mlangoni, na wewe Nelson ukamwuliza, "Nikusaidie nini?" Akasema, "Mimi ni mtoto wake." Ukamwambia, "Baba hakuwahi kukutaja. Kama umekuja kudai urithi, umekosea siku." Naye akakujibu bila hasira, "Sijaja kudai, kaka. Nimekuja kumwona." Ukamshika bega ukamtoa nje, na mlango ukafungwa. Wakati huo nilikuwa bado naona kidogo, nikamwona kupitia kioo, amesimama barabarani kwenye mvua mpaka tulipotoka na jeneza, akavua kofia likapita, akaondoka.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo akagonga Jumapili moja, nyote mkiwa makwenu. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kufunga. Nilimkaribisha, nikamtilia maji ya moto kwenye kibuyu cha majani ya mate, chai yetu hii ya kunywa kwa mrija, tukapokezana kama watu waliozoeana. Kisha akanipa kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Nimekuletea sahani, mama, ya zamani sana. Ina ndege wa buluu ukingoni, mzunguko mzima."

"Mwanangu," nikamwambia, "ndege wa buluu wamekwisha kwangu. Kwangu hiyo ni sahani tu."

Mtu mwingine angeona haya, akaomba radhi, akarudi Krismasi na kopo la biskuti. Yeye aliniuliza, "Na vidole vyako, mama, vinapenda nini?"

Wanangu, mlikuwa mkiniletea sapatu za kuvaa ndani, blanketi, dawa za kifua, na sisemi kwamba mlifanya vibaya, nilizivaa na nikazinywa. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza swali lile. Nilikaa nikifikiri kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau, halafu nikaanza kumsimulia pasi.

Pasi ya mama yangu kule Tacuarembó, ile ya mkaa, nzito, yenye jogoo mdogo kwenye komeo la kifuniko. Mama alipiga pasi nguo za watu, na mimi kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa, na kila nilipofungua nilimshika yule jogoo shingoni, nikampa jina, nikamsemesha. Elbio alisikiliza. Hakusema, "Nitakutafutia." Alisikiliza tu.

Kumbe kila Jumapili asubuhi, kabla ya kuja kwangu, alikuwa akipita kwenye soko la vitu vya zamani la mtaa wa Tristán Narvaja, akifumba macho mbele ya meza za wauzaji na kupapasa vitu kama ninavyopapasa mimi. Alikuwa na rafiki yake pale, muuzaji anayeitwa Waldemar, na huyo ndiye aliyenisimulia. Siku moja Elbio alikuwa ameshika pasi muda mrefu, macho ameyafumba, Waldemar akampigia kelele watu wasikie, "Elbio, unanunua pasi au unaitongoza?"

"Ninyamazie, naisikiliza."

"Pasi haisemi, wee!"

"Kwako haisemi kwa sababu hujapiga pasi tangu uzaliwe. Angalia shati lako."

Soko zima likacheka. Aliikataa ile, akakataa nyingine, kwa kuwa majogoo wao walikuwa wa chuma kilichopigwa bapa, naye alijua wangu alikuwa mnene shingoni. Siku aliyompata jogoo wangu mwenyewe, alinipakatisha pasi. Nikapapasa mpini, nikashuka mpaka kwenye komeo, na vidole vyangu vikamkuta jogoo kabla akili haijajua. Nikafungua, nikaingiza pua, na masizi ya watu wengine, ya nyumba nyingine, yakanukia kama ya kwetu. Nililia na kucheka pamoja. Nikamwita jogoo kwa jina lake. Kwa muda ule mfupi mama yangu alikuwa hai na mimi nina miguu mitupu, na mtu aliyenipeleka huko alikuwa ameketi mbele yangu akivuta chai yake kwa mrija, hataki hata kushukuriwa.

Tangu hapo sikujua Jumapili italeta nini, na kwa mwanamke asiyeona, wiki yenye kitu cha kungoja si jambo dogo. Mkono wa shaba ulio kwenye mlango wa chumba hiki, huo wa kugongea, ulitoka kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa jirani. Mirta, wewe ulicheka, ukasema, "Mama, chumba cha kulala kimegeuka jumba la waziri!" Hukujua kwamba siku chache kabla yake uliingia na supu bila kugonga, nikashtuka nikajimwagia, nikakuambia nimeteleza tu. Elbio alikuwa sebuleni, akaona. Hakukusema, hakunihurumia kwa maneno. Alikwenda akatafuta mkono wenye vidole vyembamba, akaupigilia misumari, na tangu siku ile watu wakaanza kugonga kwangu kama wanavyogonga kwa mtu. Hata wewe, Nelson. Hata daktari.

Na kastabani hii ya kushonea niliyoivaa kidoleni sasa hivi, mnadhani ni pete. Aliniomba mkono akanipima kidole kwa uzi, akisema ni mchezo. Iliponijia ilikuwa imejaa vijishimo vya sindano za fundi fulani aliyekufa zamani, mwanamke, nadhani, aliyekuwa na kidole kama changu. Ilinienea kana kwamba nimezaliwa nayo. Tangu baba yenu aninunulie pete, hakuna mwanamume aliyepima kidole changu.

Mirta, maji. Kidogo tu.

Aliniuliza pia habari za baba yake, kwa kuwa hakuishi naye. Hakuuliza alikuwa mtu wa namna gani, aliuliza, "Alikuwa na sauti gani?" Nikamwambia, sauti yake ninayoikumbuka zaidi ni filimbi. Aníbal alikuwa mlinzi wa treni, yule anayepuliza filimbi ili iondoke, na treni ilipopita nyuma ya nyumba yetu Tacuarembó aliinama nje ya behewa la mwisho akanipulizia, si ule mlio mfupi wa kazini, bali mrefu, unaotetemeka, unaovunjika mwishoni kama mtu aliyekumbuka jambo. Elbio akaniomba niuige kwa midomo. Nikauiga, naye akauiga, nikamsahihisha, Jumapili baada ya Jumapili, na sikujua anautakia nini.

Halafu Jumapili moja hakuja. Na ya pili hakuja. Nikawauliza, na ninyi wawili mkaniambia amepata kazi Rivera, mpakani, atarudi joto likianza. Niliamini. Nilimwamini mwanangu wa kike na mwanangu wa kiume, ningeacheje?

Siku moja mkono wa shaba uligonga mara mbili, taratibu, kama alivyokuwa akigonga yeye. Nikaketi upesi, nikaweka nywele sawa, nikaita, "Ingia, mpotevu wewe! Rivera wamekuoza mke?" Mlango ukafunguka. Nikasikia pumzi ya mtu mnene, ambayo haikuwa yake.

"Si Elbio, mama. Ni Waldemar, wa sokoni." Kisha akasema, "Hawakukuambia?"

Ndivyo nilivyojua. Mapafu. Alilazwa wiki kadhaa katika hospitali ya umma, na Waldemar ndiye aliyekuja kwako, Nelson, kuomba Elbio azikwe kwenye kaburi la familia, karibu na baba yake, nawe ukamwambia kaburi lile ni la watu wa nyumba hii. Wakamzika watu wa sokoni, katika ardhi ya makaburi ya Kaskazini, wauza vitasa na wauza santuri wakibeba jeneza kwa zamu. Na mimi nilikuwa hapa, nikiwauliza kama Rivera kuna baridi.

Waldemar akanitia kitu kidogo mkononi. Akasema Elbio alikuwa akiijaribu kila filimbi ya reli iliyoingia sokoni, mpaka wauzaji wakawa wanamfukuza, "Toka na kelele zako, mlinzi wa treni usiye na treni!" Hii ilipatikana yeye akiwa kitandani. Waldemar akampelekea, naye akaipuliza pale wodini kwa pumzi aliyobakiwa nayo, muuguzi akamfokea, yeye akatabasamu akasema, "Ndiyo hii. Mpelekee mama."

Nikaiweka mdomoni. Wanangu, alikuwa yeye, Aníbal, ananiita kutoka behewa la mwisho, mlio ule ule, ukatetemeka na kuvunjika. Na furaha ndiyo iliyonijia kwanza, niwaambie kweli, furaha tupu, kwa muda wa mlio wenyewe. Kisha nikageuza uso nimwambie aliyeniletea.

Hakuwepo wa kumwambia.

Sikuwagombeza siku ile, na sasa sina nguvu za kugombeza. Nawaambia tu jinsi vitu hivi vitakavyokwenda, na yule mtu wa kucha asiviguse. Pasi ni ya Noelia, binti yako Mirta, lakini usimpe hivi hivi, kaa naye kwanza umsimulie bibi yake mzaa bibi alikuwa nani. Sahani ya ndege mpeni Waldemar, anayo macho ya kuitazama. Mkono uacheni mlangoni, atakayelala humu agongewe. Kastabani nizikeni nayo. Na filimbi ni yako, Nelson. Usikatae. Wewe ulimpenda baba yako kuliko mtu yeyote, nakumbuka ulivyokuwa ukilala na kofia yake ya kazi, na najua kilichokuuma pale mlangoni siku ya msiba si urithi, ni kwamba ulidhani alikuwa wako peke yako. Ipulize ukiwa mwenyewe, ujue ndugu yako alikuwa akikitafuta kitu kile kile ulichokuwa nacho tangu utotoni.

Sasa lililobaki. Nisogelee... nisogelee zaidi, sauti inaisha. Ardhi ile ya Kaskazini ni ya jiji, mnajua. Muda ukifika wanafukua, na mifupa isiyodaiwa na mtu inaingia shimo la pamoja. Hati ya kaburi letu iko kwa jina lako, Nelson. Muda huo ukifika mwende wote wawili, mdai, msaini, mumlete alale na baba yake na mimi. Sikuwekei sharti. Nyumba utaipata hata ukikataa, sikununui kwa matofali. Nakuomba tu, mimi mama yako, ambaye sikuombi kitu mara kwa mara.

Mirta, wewe nimekusikia, usilie kwa sauti, nimekusikia. Siku ikifika, nenda naye.

Na wewe, Nelson? ... Umetikisa kichwa? Mimi siwezi kuona kichwa kinachotikiswa, mwanangu. Lazima useme ... Bado sijasikia. Nipe mkono wako basi. Una baridi, mkono huu, huvai glavu ... Sema sasa.

Ndiyo. Ni ndogo hiyo ndiyo, lakini nimeisikia, na Mirta ameisikia. Usiirudie. Inatosha.

Mungu awape watu wa kuwafikiria, wanangu. Awape nyumba yenye moto na ... na meza isiyokosa mtu. Asiwaache mzeeke bila wa kuwauliza mnapenda nini. Nimewasamehe, wote, hata lile la Rivera ... Mirta, fungua dirisha kidogo. Sijali baridi. Nelson, usiniachie mkono ... hapo ... hapo hapo.