Damasi Nantanga, Aliyepaka Milango ya Zahanati Mara Mbili

Marehemu Damasi Nantanga alizaliwa Mahurunga, kando ya Mto Ruvuma, tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa pili wa Mzee Nantanga na Bibi Modesta, ambaye leo anamzika mwanawe.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akajifunza useremala, na mwaka 1954 akaajiriwa Bandari ya Mtwara. Tarehe 4 Agosti 1956 alifunga ndoa na Mwalimu Rozalia. Mjomba wa binti alipomuuliza ana mali gani, alijibu, "Nina randa, mzee, na hasira sina." Na kweli hakuwa nayo, ndoa nzima.

Mwaka 1974 alihamia kijijini hapa na familia yake. Kijiji kilipojenga zahanati, yeye ndiye aliyechonga milango. Mbao za nje alizoea kuzipaka mafuta ya maganda ya korosho. Ni meusi, hukawia kukauka, huunguza ngozi, lakini mchwa hawayasogelei. Wageni wa mkoa walikuwa njiani, kamati ikataka vanishi, naye akakubali. Siku ya ufunguzi milango iling'aa, vigelegele vikapigwa. Mvua na upepo wa chumvi vilipoingia, vanishi ikabambuka kama magamba ya samaki.

Yakazuka maneno kwamba vanishi ya wananchi iliuzwa mjini. Kisimani binti yake, Esta, aliulizwa, "We, baba'ko kapaka mate?" Familia inatamka mbele ya kaburi hili: marehemu hakuuza hata tone. Alikosea kuchagua, basi. Mwenyewe alisema, "Mama Esta, wageni walikaa asubuhi moja tu. Chumvi haina kwao."

Aliikwangua milango kwa vipande vya chupa, akakaanga maganda, akaipaka upya bila ujira, viganja vikimbabuka. Mei mwaka huu kifua kilimlaza, ukiwa umebaki mlango wa chumba cha kujifungulia. Mwenyekiti Ismaili alikuja kumwona.

"Fundi, lala. Huo mmoja tutaupaka sisi."

"Nyie? Mtaupaka ungali na maji!" Alicheka hadi akakohoa. "Usubirini ukauke, ndugu yangu. Na mimi nisubirini."

Walimsubiri. Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, 9 Septemba 1977, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mlango ule bado haujapakwa.

Ameacha mama, mjane, watoto watatu, Esta, Elizabeti na Kosmasi, na wajukuu wawili.

Jana ndugu walishauri msalaba wake upakwe vanishi, upendeze machoni pa wageni. Mjane alikataa. Ameupaka mwenyewe mafuta ya korosho, nao bado ni mbichi. Waombolezaji wanaombwa wasiushike leo. Wanaompenda waje kuushika ukishakauka.

Mungu amlaze Damasi mahali pa amani.