Ubatizo wa Kwenye Pipa

Basi lilipoiacha Vwawa kuelekea Tunduma, Scola alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, Yonathani, aliyetoka gerezani asubuhi ile, alikuwa akimweleza mama mmoja wa Kanisa la Moraviani, "Nimeokokea ndani, mama. Nilibatizwa kwenye pipa la maji."

"Na kanisa gani?"

"Sikuuliza. Kule tulisali wote pamoja."

"Mwanangu! Sasa Jumapili utakaa benchi la nani?"

Yonathani akakuna kichwa. Kusoma alijifunzia kule, hasira aliziacha kule. Jibu la hilo hakupewa. Scola naye, aliyebatizwa mara mbili, hakulijua.

"Ndani sikupotea, mama. Huku nje ndiko sielewi."

Basi likasimama Tunduma. Abiria wakashuka, wakatawanyika. Yonathani akashuka, akachuchumaa kando ya mlango, akingoja kuhesabiwa na askari.