Kuni za Chumba cha Wagonjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza letu la kabila. Wazee mnaotunza mambo matakatifu, ambao kwa haki mlipaswa kutajwa wa kwanza, ila Mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Akina mama mlioyaamkia masufuria kabla ya jua. Majirani zetu Washoshoni, mliosikia harufu ya nyama mkaona si vibaya kupita. Ndugu wageni mliotoka makumbusho ya mashariki mkapambana na theluji yetu. Na ninyi jamaa zangu wote, Waarapaho wa hifadhi hii ya Wind River, nawasalimu.

Mimi ni Orville Redwillow. Hotuba hii nimeiandika mwenyewe, kwa penseli. Kijana mmoja wa nyumbani alitaka kuinyoosha. Nikamwambia, farasi wakorofi wa bonde hili niliwanyoosha mimi, nitashindwaje na maneno? Kwa hiyo mkisikia neno limepinda, mjue nimeliacha lipinde.

Leo tunafungua chumba cha kumbukumbu. Humo zimerudi karatasi za watoto wa Kiarapaho waliochukuliwa na serikali kwa nguvu kwenda shule za bweni: majina waliyobandikwa, uzito wao, magonjwa yao, adhabu zao. Aliyezifuatilia ni mjukuu wetu Charlene, bibi yake akiwa ni dada yangu. Aliwaandikia wenye karatasi mpaka wakachoka kumnyima. Ukaidi huo hakuupata shuleni, aliupata kwangu. Nampongeza, na hapo hapo namlaumu, maana tangu karatasi zile zifike mimi sijaonja supu.

Wageni wetu watauliza, supu gani? Dada yangu anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Kwa desturi yetu, kaka na dada wakishapevuka hawatazamani usoni wala hawasemezani. Si ugomvi. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na upendo wake hupitia mikono ya watu wengine. Basi kila Jumapili, miaka yote hii, bakuli la supu ya nyama kavu limekuwa likivuka barabara, limefunikwa kitambaa, na mkate wa kukaanga juu yake. Mletaji ni mume wake, shemeji yangu Delmar, na kwa kuwa shemeji kwetu ana ruhusa ya kutukana, huanzia mlangoni.

"Pokea, miguu ya korongo. Dada yako anasema umekonda. Mimi nasema umezeeka tu."

"Mwambie asante," mimi humjibu. "Na wewe umshukuru Mungu kwamba dada alikukubali kabla hajapata miwani."

Ndivyo tulivyokuwa tukiongea, mimi na dada yangu.

Kisha Charlene akamsomea bibi yake karatasi yangu, maana mimi na dada yangu tulikuwa miongoni mwa watoto wale. Mlezi wa bweni aliandika hivi: "Mvulana huyu anakana kuwa na dada. Hana upendo kwa ndugu zake." Jumapili ikafika, bakuli halikuja. Ya pili, halikuja. Nikatoka kwenye baridi nikamwita Delmar.

"Shemeji, kulikoni?"

Tangu amwoe dada yangu, siku hiyo ndiyo ya kwanza hakunitukana. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Anasema hana kaka."

Je, karatasi ilisema uongo? Hapana. Nilikana, kwa mdomo wangu huu. Lakini aliyeandika nilichosema, mbona hakuandika alichoniuliza?

Pale shuleni kulikuwa na benchi. Mlezi akijua fulani na fulani ni kaka na dada, aliwakalisha hapo bega kwa bega, akawageuza watazamane, akaamuru, "Zungumzeni kama watu waliostaarabika." Nimeona wasichana wakubwa wakijifunika uso kwa aproni wakilia kwa aibu. Majira ya baridi dada yangu akashikwa na homa ya mapafu. Mlezi akanipeleka hadi mlango wa chumba cha wagonjwa. "Yule ni dada yako? Ingia, keti kitandani, mshike mkono, ongea naye." Msichana amekatwa nywele, hana hata nguvu ya kuvuta shuka ajifunike uso, halafu niingie mimi nimkodolee macho? Nikasema, simjui. Sina dada. Nikachapwa kwa kusema uongo. Hilo nalo hawakuliandika.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa ya kuoka mikate, kazi ambayo wavulana waliipigania, maana mwokaji hashindi njaa. Niliiacha. Nikaomba shoka. Na kwa shoka, niwaambie ukweli, pale shuleni hakuna aliyenifikia. Kuni za jiko la chumba cha wagonjwa nilizikata mimi, nikaziweka mlangoni, nisivuke kizingiti. Kwenye kila mzigo nilichomeka kitawi cha mwerezi, ambacho nilikwea uzio kwenda kukitafuta kilimani.

Wengi wenu mmemsikia dada yangu akiwasimulia watoto jinsi mama yetu alivyomjia katika ugonjwa ule. Anasema alijua ni mama kwa sababu chumba kilinukia mwerezi, kama nyumbani mama alipouweka juu ya makaa tukiwa wagonjwa. Hadithi hiyo nimeisikia humu ukumbini, nimeisikia kupitia madirisha, nami nisiyemnyamazia mtu yeyote nikanyamaza. Nani angekuwa mpumbavu wa kumnyang'anya mgonjwa mama yake, ampe badala yake kijana mwenye shoka?

Leo nimekuwa mpumbavu huyo. Jumapili ni ndefu, jamaa zangu. Nakaa dirishani naona moshi wa jiko lake, na barabara haina nyayo.

Charlene, mjukuu wangu, karatasi ile usiichane wala usiifiche. Iache pale pale. Ila mtoto akija kuisoma, muulize: kuni alikata nani?

Delmar, najua mmekaa nyuma yangu, na sitageuka. Mwambie aliye kando yako kwamba mama alikuja kweli. Mimi mwerezi nilifundishwa na nani? Alipita kwenye mikono yangu, kwa sababu sisi hatuna njia nyingine ya kufikiana.

Kama ilivyo mila ya karamu zetu, kila mtu amekuja na chombo chake. Bakuli langu liko chini ya kiti. Sitalipakulia mwenyewe, na mpishi mwingine asihangaike nalo. Nawashukuru kwa subira yenu, na asanteni kwa kunisikiliza. Ninyi kuleni. Mimi nangoja.