Cheni Iliyofungwa Bila Mwalimu Hoekzema

Mwalimu Lorna Hoekzema anastaafu tarehe 13 Juni, baada ya miaka ishirini na minne katika karakana ya Shule ya Sekondari ya Drenmoor. Hii ni mara yake ya tatu kustaafu. Mara mbili za kwanza aliahirisha dakika za mwisho, na waliokula keki za kumuaga wanajijua. Mwalimu Dykhouse wa michezo aliianza ile ya pili kabla kisu hakijaletwa. Safari hii keki ni halali, ale kwa amani.

Kamati ya jarida ilitafuta mwenye shahada wa kuandika wasifu huu, ikakuta wenye shahada wote wana shughuli, ikaniangukia mimi, Denny Brouwer, msaidizi wa karakana. Chuoni nilikaa muhula mmoja, tukaachana bila kugombana. Lakini kwa kulehemu alumini hakuna wa kunigusa kuanzia hapa hadi ufukwe wa Ziwa Michigan, na kwa kumjua Lorna Hoekzema hakuna hata wa kunikaribia. Alinifundisha tangu darasa la tisa, na kwa maoni yake bado hajamaliza.

Kabla ya ualimu alikuwa mchoraji wa viti katika kiwanda kimoja cha samani za ofisi huko Grand Rapids. Ugonjwa huo haukupona. Mpaka leo hakalii kiti kabla hajakipindua akaona kimefungwaje. Aliwahi kukipindua kiti cha mwenyekiti wa bodi ya elimu, mwenyewe akiwa ameinuka kidogo tu kusalimia wageni. Mwenyekiti alipotaka kukaa tena, ilibidi asubiri skrubu mbili zikazwe.

Klabu ya roboti aliianzisha yeye. Kila Januari timu za shule hupewa mchezo mpya, na kwa majuma machache vijana huchora, hukata na kuunganisha roboti ya kuucheza. Majuma hayo theluji hufika kwenye madirisha ya karakana, na kila Jumamosi Mwalimu huleta sufuria la supu ya njegere, nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Vikombe tumevileta vingi. Kile cha usanifu kimewekwa mbele ya ofisi, na mkuu wetu, Bi Ostrander, huwaonyesha wageni kana kwamba alikilehemu yeye.

Lakini ukitaka kumjua Mwalimu, zungumza naye habari za cheni. Roboti zetu huinua mikono yake kwa cheni kama ya baiskeli, inayozunguka gia mbili. Mahali pa gia hizo huamuliwa kwanza kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kuchorea, kisha mabamba hutobolewa kufuata mchoro. Ukikosea tundu kwa unene wa ukucha, cheni inaning'inia au inabana. Na kompyuta haikuonyi. Kompyuta ni kama shemeji mpya, inakubali kila unachosema.

Kwa hiyo Mwalimu ana sheria mbili. Ya kwanza, usichore pingili za cheni moja moja. Chora mzunguko mtupu, mstari tu kama mkanda, kisha piga hesabu ya pingili. Hesabu lazima itoke nzima, tena igawanyike kwa mbili, kwa sababu pingili nyembamba na pingili pana hupokezana, na zikiwa witiri mwisho haukutani na mwanzo. Sheria ya pili ni yake mwenyewe: hagusi kipanya cha mwanafunzi. Mwanafunzi akipotea, yeye hushika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, kuuzuia ule mmoja usipoke kipanya, na huuliza swali lile lile kila mwaka: cheni yako inafungwa wapi?

Swali hilo ndilo lililomnyima kustaafu. Mumewe, Gerrit, alinunua trela ya kulala ili wazunguke wote wawili misitu ya kaskazini. Trela imekaa ubavuni mwa gereji misimu mingi mpaka panya wamepata wajukuu ndani yake. Mwalimu alikuwa amemwambia Bi Ostrander kwamba ataondoka siku mchoro wa cheni utakapotoka shuleni bila yeye kuukagua, na cheni ikafunga. Mara ya kwanza tulijaribu, cheni ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mara ya pili ilibana mpaka ikakwangua meno ya gia. Gerrit alirudisha ramani zake kabatini bila kusema kitu, na kimya cha Gerrit si kitu kidogo, maana ni mtu anayezungumza hata na mashine ya kufulia.

Februari hii uchoraji uliongozwa na Annika Terpstra, darasa la kumi na moja, binti mwenye kichwa kigumu kuliko chuma tunachokata. Bwana Rozeboom, anayetukatia mabamba bure kwenye mashine yake, alikuwa na nafasi Ijumaa moja tu. Mchoro usipofika, roboti ingekwenda mashindanoni bila mkono.

Sasa Annika, kwa kupenda uzuri, akavunja sheria ya kwanza. Akachora cheni nzima, kila pingili, kila pini, kila kigurudumu. Ilimeremeta, sikatai. Vijana walijaa nyuma yake wakiisifu. Tatizo likawa ukigusa kitu chochote, kompyuta inaanza kuunguruma kama mzee anayepanda ngazi, halafu inaganda. Siku mbili zikaliwa hivyo.

Mwalimu alipita, akatazama mara moja, akashika kikombe. Mimi nami nilikuwa nimeliona kosa, msibishe. Pale cheni ilipokutana, pingili pana iliingia ndani ya pingili pana nyingine, chuma kikapita katika chuma kama jini linapopita ukutani. Kwa mbali huoni kitu. Nilipofungua mdomo, Mwalimu alinikanyaga kiatu, na kidole gumba changu ni shahidi. Cha ajabu, safari hii hata lile swali lake hakuuliza. Aliondoka kwenda kuangalia supu, ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Nikamwona Annika ametulia. Akasogeza picha karibu, ikagoma, akaisogeza tena. Akazungusha cheni yake nzuri mpaka mahali pale, akaitazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake waliokuwa wanasifu:

"Acheni kusifu. Hii haifungi."

Mmoja akamwambia asijisumbue, mwishoni wataweka nusu pingili, kile kiungo cha kuokolea cheni iliyotoka witiri. Annika akamjibu kwamba nusu pingili ndiyo hukatika ya kwanza, na ikikatika mkono umwangukie yeye mtoa ushauri. Akaifuta cheni yote. Siku mbili za kazi, bonyezo moja. Akachora mzunguko mtupu, akapiga hesabu, akasogeza tundu la gia ya juu mpaka idadi ikatoka shufwa, akaongeza nafasi ya unywele mmoja kati ya gia ili kuikaza. Kompyuta ikawa nyepesi kama imetoka likizo.

Ijumaa, Mwalimu alikaa kwenye ofisi yake ndogo, mlango wazi, akisubiri kuitwa akakague. Hakuitwa. Mwishowe Annika akapita na koti lake begani.

"Mwalimu, tumeshatuma kwa Rozeboom."

"Nani amekagua?"

"Mimi."

Mwalimu akasema sawa, nenda nyumbani, barabara zinateleza. Wikiendi ile, kwa maelezo ya Gerrit, alipika banketi, ule mkate wetu wa lozi, za kutosha kanisa zima, akazisahau zote kwenye oveni.

Mabamba yalirudi Jumatatu. Tulifunga gia, Annika akazungusha cheni, ncha zikakutana, akasukuma pini ya mwisho kwa kidole. Kwa kidole, ndugu zangu, bila nyundo, bila koleo, bila matusi. Akaibonyeza katikati, ikacheza kidogo tu kama inavyotakiwa. Vijana wakapiga kelele. Mwalimu aliitazama ile pini, akamtazama Annika, akavaa koti, akatembea moja kwa moja hadi kwa Bi Ostrander kumpa tarehe. Aliporudi alimpigia Gerrit akiwa mlangoni mwa karakana, na sote tulisikia akimwambia:

"Toa hao panya."

Mwalimu Lorna, tunashukuru kwa kila tundu lililokaa mahali pake na kwa kila mara uliyojizuia. Nenda kaskazini na mumeo, mpate barabara kavu, kuni zinazowaka na afya isiyolegea. Huku kwetu Annika ameanza kumfundisha mtoto wa darasa la tisa, na hajatuomba namba yako ya simu.