Wekundu wa Upande wa Kulia: Maisha ya Mama Etagegn Habte-Wold

Mama yetu Etagegn alizaliwa Ankober tarehe 3 Hidar 1938, kwa kalenda ya Ethiopia kama tarehe zote hapa, binti wa mfumaji. Alifundishwa kusoma na kasisi wa parokia, kisha akapelekwa Addis Ababa kwa shangazi yake, akamaliza sekondari mwaka 1957.

Tarehe 20 Tir 1962 aliolewa na mchoraji Lemma Desta. Walijaliwa binti mmoja, Mahlet, anayewasomea maneno haya. Mwezi wa Megabit 1970 wanajeshi walimchukua Lemma nyumbani Gulele, miguuni ana kandambili. Hakurudi.

Mwaka 1973 Mama aliajiriwa kuongoza wageni katika jumba la makumbusho, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Hapo ilitundikwa picha kubwa ya Lemma: watu wanne wasio na nyuso, miili ya pembetatu nyeusi, wamesongamana kushoto kwenye meza ya njano. Nusu ya kulia ni nyekundu tupu. Hakumwambia mgeni yeyote kwamba mchoraji ni mumewe.

Siku moja mwanafunzi alimtania, "Mama, huyu aliishiwa rangi nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama naye akacheka.

"Njoo hapa, mtundu wewe. Weka kiganja mbele ya macho, uzibe huo wekundu. Unaona nini?"

"Watu wanakula."

"Haya, toa mkono."

Kijana akashusha mkono. "Wanamngoja mtu."

"Ndiyo hivyo. Hakuishiwa kitu."

Maradhi ya figo yalimshika mwaka 2014. Wiki yake ya mwisho Mahlet alimuuliza, "Mama, wanamngoja nani pale mezani?"

"Mimi. Baba yako aliniita, 'Njoo ukae nikuchore.' Nikamwambia, 'Niache bwana, mchuzi utaungua.' Akasema, 'Basi nakuwekea nafasi yako.' Kila akinikumbusha, mimi nasema kesho." Akageukia ukutani. "Ningekaa tu, mwanangu. Mchuzi ungeungua, ukaungua."

Alifariki Jumatano asubuhi, tarehe 18 Megabit 2016, akiwa na miaka sabini na minane.

Ameacha binti, Mahlet. Wajukuu wawili, Natnael na Bezawit. Na kaka yake, Mzee Kifle. Ameacha pia mume, Lemma Desta. Mwenyewe aliagiza jina hilo lisomwe hapa, miongoni mwa walioachwa, maana mpaka leo hakuna aliyetuletea tarehe ya kifo chake.

Mungu amlaze pema mama yetu.